Majani Yamelegea, Usikimbilie Dumu

Agosti mwaka jana niliua miche kumi ya nyanya kwa mkono wangu mwenyewe, na niliiua nikiwa na nia njema kabisa. Kosa langu lilikuwa kuinywesha. Nikirudi geto kutoka kipindi nakuta majani yamelala, nachukua dumu, namwaga. Asubuhi yamelala tena, namwaga tena. Mshikaji ninayeishi naye akawa ananicheka: "Hizo nyanya zinaoga kuliko wewe." Wiki ya tatu zilianza kuwa njano kutoka chini, wiki ya nne nikawa nang'oa vijiti.

Naandika haya kwa sababu huku Kizumbi naona ndoo zinaongezeka nyuma ya mageto. Nyanya, pilipili, mchicha, sukuma wiki, kila mtu anajaribu. Sawa kabisa, nyanya nne sokoni zikipanda bei hata mboga unaila kwa huzuni. Lakini nikipita naona majani yamening'inia na mtu amesimama pembeni na jagi, na moyo unanienda mbio. Nataka kumwambia asubiri kwanza.

Kwangu haikuwa mchezo wa kupitisha muda. Mama yangu Kishapu aliuza mbuzi wawili kumalizia ada yangu, ikabaki chenji ya elfu themanini. Akanitumia akisema itanisogeza mpaka boom litoke. Mimi nikajiona mjasiriamali. Nikanunua ndoo kumi na nne za rangi zilizotumika, mbegu ya Tanya, samadi, na udongo wa kubebwa na bodaboda. Mahesabu yalikuwa kwamba kufika Oktoba nitakuwa nawauzia mama lishe watatu wa jirani, na mbuzi mmoja angalau atarudi nyumbani. Ndoo kumi kati ya kumi na nne zilikufa.

(Kabla sijaendelea: ndiyo, baba mwenye nyumba alikuja kuangalia kama ni bangi. Jani changa la nyanya limechanika-chanika, na kijana wa chuo akiwa na ndoo zilizofichwa nyuma ya nyumba watu wana jibu lao tayari. Nikamkatia jani anuse. Harufu ya jani la nyanya hailingani na kitu kingine, akaondoka ameridhika. Sheria ya dawa za kulevya ya 2015 haina utani na mmea ule, hata ukiwa mmoja kwenye kopo, kwa hiyo sikumlaumu.)

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe. Jani husimama kwa sababu seli zake zimejaa maji, kama tairi la baiskeli linavyosimama kwa upepo. Maji hayo yanaingia kwa mizizi, yanapanda shina, na mengi yanatokea kwenye vitundu vidogo sana vya jani, hasa upande wa chini, vinavyoitwa stomata. Yakitoka mengi kuliko yanayoingia, tairi linapungua upepo na jani linalala. Hapo wengi wetu tunasimamia, tunasema mmea una kiu. Lakini kuna sababu mbili tofauti za maji kutoingia: ama kwenye udongo hayapo, ama yapo ila mizizi haiwezi kuyanyonya. Ukimwagia maji mmea wa aina ya pili unauzika.

Sisi watu wa huku tuna shida yetu maalumu katika hili. Mradi wa maji ya Ziwa Victoria kutoka Ihelele, Misungwi, ulipozinduliwa mwaka 2009 na maji kufika Kahama na Shinyanga mjini, mimi nilikuwa mtoto mdogo, na kijijini kwetu tuliendelea kufukua mchanga wa mto mkavu kupata ndoo moja. Ukikulia hivyo, kila kitu kinacholegea unakiona kina kiu. Maji kwetu ndiyo upendo. Na muuza pembejeo mmoja mjini aliniambia "mwagia asubuhi na jioni, kijana, hapa jua kali", nikaona anasema kile ambacho tayari nakijua.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja anayelima mchicha bondeni, ambaye sote tunamwita Mayu. Nilimkuta anapalilia.

"Mwangaluka, Mayu."

"Mwangaluka, mwanangu. Chuo kinasemaje?"

Nikamwambia chuo kizima, nyanya ndizo zinakufa. Akaja nami mpaka geto. Hakuangalia hata majani. Aliingiza kidole kwenye ndoo, akakivuta, akakinusa, akanipa na mimi ninuse. Kilinuka kama matope ya bwawani.

"Huu udongo umeutoa wapi?"

"Mbugani, Mayu. Si ndio wenye rutuba?"

"Una rutuba, ndiyo. Shambani. Kwenye ndoo ni saruji."

Wasukuma wana majina ya udongo kutoka juu ya mlima mpaka bondeni. Juu kuna luseni, udongo wa kichanga usioshika maji. Chini kabisa ndipo mbuga, udongo mweusi mzito unaovimba ukilowa na kupasuka nyufa za kuingiza mkono ukikauka. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi Amani kule Usambara, ndiye aliyeupa mpangilio wa namna hii jina la kisayansi, katena, mwaka 1935. Bibi zetu walikuwa wameshaugawa kwa majina yao bila kusubiri. Mbuga shambani ni mali: baada ya mvua inakaa na unyevu muda mrefu, ndiyo maana dengu inapandwa mvua ikiwa inaishia na bado inakomaa. Lakini tabia hiyohiyo ya kukamata maji, ukiifungia kwenye plastiki yenye tundu tatu za msumari, inageuka kuwa kaburi.

Tatizo ni hewa. Mizizi inapumua kama sisi. Inahitaji oksijeni kutengeneza nguvu ya kunyonya maji na chumvichumvi. Katika udongo mzuri kuna vinafasi vingi, vingine vina maji, vingine vina hewa. Ukijaza maji vyote, oksijeni inabidi ipenye kwenye maji, na ndani ya maji inasafiri polepole mara elfu kumi hivi kuliko kwenye hewa. Kaka yangu anachimba dhahabu Nyarugusu, Geita, na alinielewa haraka kuliko wenzangu wa darasani. Duara likiingia maji, alisema, huwezi kumwambia mchimbaji aliye chini aongeze bidii. Unavuta maji kwa pampu na unapuliza hewa, halafu ndiyo mnaongea habari ya mawe. Mizizi yangu ilikuwa wachimbaji ndani ya duara lililofurika, na mimi juu nilikuwa nawashushia maji zaidi.

Kwa nyanya kuna jambo lingine la kushangaza. Mizizi ikikosa hewa inajikusanyia kemikali fulani ambayo inapanda na maji mpaka kwenye majani, na huko juu, penye hewa, inageuka kuwa gesi ya ethilini, ileile inayoivisha ndizi ukizifunika. Watafiti wawili wa California, Bradford na Yang, walilionyesha hilo kwa nyanya mwaka 1980. Gesi hiyo inafanya upande wa juu wa kikonyo cha jani ukue haraka kuliko wa chini, kwa hiyo kikonyo kinajikunja kuelekea ardhini. Yaani jani linaelekea chini hata kama ndani limejaa maji.

Utauliza, mbona mpunga unasimama kwenye jaruba miezi na haufi? Mpunga una mirija ya hewa ndani ya shina na mizizi, unajishushia oksijeni kutoka juu. Nyanya haina mirija ya namna hiyo, na pilipili haina pia.

Hii inatupa njia ya kwanza ya kutofautisha, kwa macho na vidole. Jani lenye kiu ya kweli ni laini, jembamba, limelegea lote kama kitambaa, na likizidiwa kingo zinakauka na kuvunjika kama karatasi. Udongo umeachana na ukuta wa ndoo, kuna nafasi ya kuingiza kadi ya ATM. Ukinywesha, ndani ya saa moja au chache mmea unasimama. Jani la mmea uliofurikishwa ni tofauti: ukilishika ni nene, linajaa mkononi, ila kikonyo chake ndicho kimepinda, kwa hiyo mmea mzima unakaa kama mtu aliyeinamisha mabega. Majani ya chini yanageuka njano. Juu ya udongo kunaota ukungu wa kijani na vinzi vidogo vinaruka. Na ukimwagia, hakuna kinachobadilika, au hali inazidi. Hatua za mwisho zote mbili zinafanana, kwa sababu mizizi iliyooza nayo haiwezi kuleta maji, na hapo jani linakuwa laini kweli huku udongo umelowa. Mimi nilifika huko.

Kwa hiyo usiamini jani peke yake. Ingiza kidole mpaka pingili ya pili. Kama ndoo ni ndefu, chomeka kijiti cha mshikaki mpaka chini, kiache dakika kumi, kivute. Kikitoka na udongo ulioganda na chini kimelowa, weka dumu chini uende zako. Juu ya ndoo kunaweza kuwa kukavu kama unga wakati chini ni bwawa. Hilo ndilo lililonidanganya mimi, upepo wa Agosti huku unakausha sentimita mbili za juu kabla hujarudi kutoka kipindi cha saa nne.

Hapa niseme kuhusu kokoto, maana najua umeziweka chini ya ndoo. Na mimi niliziweka, kila mtu anashauri. Hazisaidii. Chukua sponji ya kuoshea vyombo, ilowanishe kabisa, ishike ikiwa imelala bapa mpaka iache kudondosha. Sasa isimamishe kwa urefu. Itadondosha tena. Maji yale yale, sponji ile ile, urefu tu ndio umebadilika. Chini ya udongo wowote uliomo kwenye chombo kuna tabaka linalobaki limejaa maji hata kama matundu yapo, na unene wa tabaka hilo unategemea aina ya udongo, si ukubwa wa chombo. Ukiweka kokoto, tabaka hilo linapanda juu, linakaa juu ya kokoto, karibu zaidi na mizizi. Ndiyo maana ndoo ndefu ni bora kuliko beseni, na ndiyo maana dawa ni kubadili udongo wenyewe. Mayu alinielekeza: sehemu moja ya mbuga, mbili za luseni au mchanga mnene wa mto, moja ya samadi iliyooza vizuri, na pumba za mpunga zilizounguzwa kuwa nyeusi. Pumba utazipata kwenye mashine za kukobolea. Matundu yawe sita au saba kwa msumari wa inchi nne, na ndoo ikae juu ya matofali mawili, isikae kwenye sakafu inayoziba matundu.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja, huwezi kudanganywa. Jirani yetu ananunua dengu na choroko, ana mizani ya kuning'iniza, akaniazima jioni moja. Nilinywesha ndoo moja mpaka maji yakatoka chini, nikasubiri yaache kudondosha, nikapima. Kesho yake nikapima, na kesho kutwa. Baada ya hapo huhitaji mizani, mkono unajua. Unanyanyua upande mmoja wa ndoo unasikia kama imeshiba au imeisha. Nilijiona mvumbuzi mpaka nilipokuta kwamba Stephen Hales, padri wa Teddington huko Uingereza, alifanya hivyo na alizeti ndani ya chungu kiangazi cha 1724. Aliufunika udongo ili usipoteze maji, akawa anapima asubuhi na jioni. Akakuta alizeti ile peke yake inapumua nje wastani wa nusu kilo na ushee kwa mchana mmoja. Kitabu chake kilitoka 1727. Kwa hiyo mmea mkubwa kwenye ndoo unaweza kweli kumaliza maji haraka, sisemi usinyweshe. Nasema pima kwanza.

Halafu kuna kulegea kwa saa saba mchana. Jua limepanda, upepo mkavu, jani linapoteza maji haraka kuliko mizizi inavyoweza kuleta hata kama udongo uko vizuri. Linalala, jioni linasimama lenyewe. Huo si ugonjwa. Mmea wako ukaguliwe alfajiri: kama kabla ya jua majani yamesimama, usiuguse. Kama umelegea alfajiri, hapo ndipo kuna kesi. Ila angalia pia rangi ya ndoo. Ndoo nyeusi kwenye jua letu inapika mizizi ya upande mmoja. Izungushie kiroba cheupe, au panga ndoo zikingane kivuli.

Samadi mbichi na mbolea ya chumvichumvi iliyozidi nazo zinalegeza majani, maana chumvi nyingi kwenye udongo inazuia mizizi kuvuta maji. Kingo za majani zinaungua rangi ya kahawia siku chache baada ya kuweka urea. Hapa kweli maji mengi yanasaidia, unapitisha mpaka yatoke chini na kuondoka na chumvi. Na kama udongo umekauka mpaka unakataa maji, yanapita pembeni ya ndoo na kutokea chini bila kulowesha katikati, ichovye ndoo nusu kwenye beseni la maji dakika ishirini, kisha itoe ichuje.

Kuna moja ambayo haina huruma. Mche mzima, wa kijani, mzuri, ghafla unalegea kuanzia majani machanga ya juu. Usiku unajitahidi kidogo, kesho unalala, siku ya tatu au ya nne umekwisha, bado ukiwa na rangi ya kijani. Udongo una unyevu wa kawaida. Huo ni mnyauko wa bakteria, na nyanya, pilipili, bilinganya na viazi mviringo vyote vinaupata. Kata kipande cha shina karibu na udongo, kitundike ncha yake ndani ya glasi ya maji safi, usikitikise. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka ndani ya dakika chache, usipoteze muda na dumu wala dawa. Ng'oa, choma, na udongo ule usiuhamishie kwenye ndoo nyingine. Kisu kioshe. Kama hakuna uzi, angalia mizizi: ikiwa na vinundu kama shanga ni minyoo fundo, ikiwa ya kahawia, inateleza, ganda lake linavuka ukilivuta, ni kuoza kwa maji mengi. Mizizi yangu ilivuka kama soksi.

Kuokoa mmea uliofurika kunawezekana ukiwahi. Acha kunywesha, uweke kivulini ili majani yasidai maji mengi, ongeza matundu pembeni ya ndoo karibu na chini. Kama bado unazidi, utoe na bonge lake, kata mizizi iliyooza, uhamishie kwenye mchanganyiko mpya, na punguza majani kidogo. Usiweke mbolea, mgonjwa hali nyama choma. Nyanya ina bahati moja: ukiifukia shina kwa kina, inaota mizizi mipya kwenye shina lenyewe. Hivyo ndivyo minne yangu ilivyopona. Pilipili haifanyi hivyo kwa urahisi, kwa hiyo usijaribu kuizika.

Minne hiyo ilizaa mpaka Desemba, matunda ya kula sisi wawili na kuuza kidogo kwa mama lishe mmoja. Sikuficha nyumbani. Nilimpigia mama nikamwambia hela ya mbuzi imeenda na maji. Alinyamaza kidogo, nikasikia kuku nyuma yake. Kisha akauliza, "Ndoo zipo?"

Nikamwambia zipo zote kumi na nne.

"Basi ukija likizo kuna pumba hapa, utabeba gunia."